Kwenda saa 8, kurudi saa 7: umbali na muda wa ndege kati ya London na New York

Swali: Nilitafuta umbali wa ndege kati ya London na New York nikapata kilomita 5,570, na muda wa safari saa 7 na dakika 25. Lakini tiketi yangu inasema natoka London 11:00 na kufika New York 14:00, na siku ya kurudi natoka 19:00 na kufika 07:00 kesho yake. Yaani kwenda saa 3, kurudi saa 12! Nikigawa kilomita hizo kwa mwendo wa ndege, 900 kwa saa, napata saa 6 na dakika 11. Hesabu ipi ndiyo ya kweli, na nitumie ipi nikipanga safari kati ya miji mingine?

Jibu: Ndugu msomaji, katika namba zote ulizoandika hakuna iliyobuniwa. Kinachokuchanganya ni kwamba kila moja inapima kitu chake, na zote zimepewa jina moja la "muda wa safari". Jibu la haraka ni hili: kwenda ni saa 8, kurudi ni saa 7, na zote mbili zinahesabiwa tangu ndege inapoondoka langoni hadi inapoegeshwa upande wa pili. Saa 3 na saa 12 zimetokana na kutoa saa ya mji mmoja kwenye saa ya mji mwingine. Saa 6 na dakika 11 ingekuwa sawa kama ndege ingeanza safari ikiwa tayari angani na mwendo wake wote, ikapita katika hewa iliyotulia, na ikaishia hukohuko juu. Saa 7 na dakika 25 ni makisio ya katikati, na ni makisio mazuri kuliko unavyoyachukulia. Nitayarudia.

Tuanze na tiketi, kwa kuwa hapo ndipo penye kosa lenye madhara. Saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni za mahali: ya kuondoka ni ya mji unaotoka, ya kufika ni ya mji unaofikia. Kwa sehemu kubwa ya mwaka London iko mbele ya New York kwa saa 5. Kwa hiyo 11:00 ya London ni 06:00 ya New York, na kutoka 06:00 hadi 14:00 ni saa 8. Kurudi, 19:00 ya New York ni 00:00 ya London, na kutoka hapo hadi 07:00 ni saa 7. Njia isiyokosea ni kugeuza saa zote mbili ziwe za UTC, ile saa moja inayotumiwa na marubani na waongozaji wa ndege duniani kote, halafu ndipo utoe.

Nimesema "kwa sehemu kubwa ya mwaka" kwa makusudi. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza husubiri Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo. Katikati hapo, kwa wiki mbili au tatu, tofauti ya London na New York ni saa 4 tu. Majira ya vuli hali hiyo hurudi kwa wiki moja, maana Uingereza hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba na Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba. Anayesafiri katika wiki hizo akihesabu kwa saa 5 atadhani safari imepungua au imeongezeka saa nzima, na ndege haijabadilisha chochote.

Mstari wa tarehe wa kimataifa, ule wa katikati ya Pasifiki ambapo tarehe hubadilika, huleta mambo makubwa zaidi. Ukiondoka Auckland, New Zealand, 20:00 ya Jumatatu katika mwezi wa Julai, baada ya muda wa saa 12 hewani utateremka Los Angeles 13:00 ya Jumatatu hiyohiyo, saa 7 kabla ya ile uliyoondokea. Tiketi kama hiyo ukiisoma bila UTC haina maana yoyote.

Sasa umbali. Kilomita 5,570 ulizopata ni kutoka katikati ya mji hadi katikati ya mji. Ndege haianzii hapo. Kutoka uwanja wa Heathrow hadi uwanja wa John F. Kennedy ni takriban kilomita 5,540. Namba hiyo inapatikana kwa hesabu unayoweza kuifanya mwenyewe: ukijua latitudo na longitudo za viwanja viwili, unatafuta pembe iliyo kati yao ukiwa kwenye kitovu cha dunia. Kwa viwanja hivi pembe hiyo ni kama nyuzi 49.8, na kila nyuzi moja juu ya uso wa dunia ni kilomita 111 na kidogo. Zidisha, utaipata.

Hata hivyo hesabu hiyo inaichukulia dunia kuwa tufe kamili, na dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake: kutoka kitovuni hadi ikweta ni kilomita 6,378, hadi ncha ni 6,357. Ukiingiza ubonyeo huo, London na New York zinaachana kwa kama kilomita 15 zaidi. Kwa hiyo ukiona vikokotoo viwili vinatofautiana kwa kiasi hicho usidhani kimoja kimekosea. Tofauti kubwa hutoka kwingine, kwenye vipimo. Kilomita 5,540 ni maili 3,442 za nchi kavu, lakini ni maili 2,991 za bahari, maana maili ya bahari ina mita 1,852. Wanausafiri wa anga hutumia maili za bahari, na mara nyingi namba zao hunakiliwa bila kusema ni maili gani.

Hiyo pembe ya kitovuni inatoa njia fupi kuliko zote juu ya tufe, inayoitwa duara kuu. Kwenye ramani bapa njia hiyo huonekana imepinda, na watu wengi huamini rubani anazunguka. Waulize wanaosafiri kutoka London kwenda New York ndege inaelekea wapi mwanzoni, wengi watasema kusini-magharibi, kwa kuwa New York iko kusini ya London kwa karibu nyuzi 11 za latitudo. Kumbe njia fupi inaanza kwa kuelekea magharibi na kidogo kaskazini, nyuzi 288 za dira, halafu inageuka polepole kuelekea kusini kadiri inavyosonga. Ramani ya aina ya Mercator, iliyochorwa mara ya kwanza mwaka 1569, ilikusudiwa kumsaidia nahodha kushika dira moja bila kubadilisha. Haikukusudiwa kuonyesha njia fupi, wala haiwezi.

Njia fupi ni kiwango cha chini kabisa cha umbali. Hakuna ndege inayosafiri pungufu ya hapo, na karibu zote huzidi. Ndege huruka kwa kufuata uelekeo wa njia ya kurukia, si uelekeo wa mji inaokwenda, huzunguka maeneo ya jeshi, hukwepa mawingu ya radi, na hupangwa foleni kabla ya kutua. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, katika kikokotoo chake cha hewa ya ukaa, huongeza kilomita 50 kwa safari zilizo chini ya kilomita 550, kilomita 100 kwa zilizo kati ya 550 na 5,500, na kilomita 125 kwa zinazozidi hapo. Kwa safari yako ongezeko hilo ni dogo. Kwa safari ya kilomita 300 ni karibu sehemu moja ya sita ya njia nzima, na ndiyo maana hesabu za kugawa kilomita kwa mwendo huharibika zaidi kwenye safari fupi.

Nije kwenye zile 900 kwa saa. Mwendo huo ni halali kwa ndege kubwa za masafa marefu, lakini ni mwendo ndani ya hewa. Rubani wa ndege hizo hupima mwendo wake kwa kulinganisha na kasi ya sauti, na huko juu, kwenye kimo cha kilomita 11 ambako hewa ina nyuzijoto 56 hivi chini ya sifuri, sauti husafiri kilomita 1,062 kwa saa. Boeing 787 na Airbus A350 huenda kwa asilimia 85 ya kasi hiyo, ambayo ni kama kilomita 900. Ndege ndogo zaidi, za familia ya Boeing 737 na Airbus A320, huenda kwa asilimia 78 hivi, yaani kama 830. Na si kwa safari nzima. Katika nchi nyingi, chini ya kimo cha futi 10,000 ndege haziruhusiwi kuzidi kilomita 463 kwa saa, na kuteremka huanza zikiwa bado na kama kilomita 200 za kwenda.

Sasa upepo, ambao ndio kiini cha swali lako.

Umbali unapimwa juu ya ardhi, lakini ndege inasafiri ndani ya hewa, na hewa yenyewe inasafiri. Mtumbwi unaopigwa kasia kwa nguvu ileile huwahi ukishuka na mto na huchelewa ukipanda, hata kama gati mbili hazijasogea. Chukua umbali wetu wa kilomita 5,540 na ndege inayokwenda 900 hewani. Hewa ikitulia, kila upande ni saa 6 na dakika 9. Weka upepo wa kilomita 100 kwa saa unaovuma kuelekea mashariki. Kurudi London mwendo juu ya ardhi unakuwa 1,000, na safari saa 5 na dakika 32. Kwenda New York ni upepo wa mbisho: mwendo unashuka hadi 800 na safari inakuwa saa 6 na dakika 55. Tofauti ni saa moja na dakika 23, na ndege haijabadilisha mwendo wake hewani hata kidogo.

Tazama jambo moja zaidi katika hesabu hiyo. Jumla ya kwenda na kurudi ni saa 12 na dakika 27, wakati bila upepo ingekuwa saa 12 na dakika 18 au 19. Upepo unaokusaidia upande mmoja na kukupinga upande wa pili haulipi deni lake lote, kwa sababu unakaa ndani ya upepo wa mbisho muda mrefu kuliko unavyokaa ndani ya upepo wa nyuma. Ndiyo maana haifai kusema tofauti hizo zitafutana.

Upepo wenyewe unatoka kwenye mikondo ya hewa inayovuma kuelekea mashariki kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, palepale zinaporuka ndege za abiria. Ina nguvu katika latitudo za kati, kaskazini na kusini, na huwa mikali zaidi majira ya baridi, wakati tofauti ya joto kati ya nchi za joto na ncha ya dunia ni kubwa. Kasi ya kilomita 200 kwa saa ni ya kawaida humo, na zaidi ya 300 hutokea. Mmoja wa waliotangulia kuipima ni mwanasayansi wa Japani, Wasaburo Ooishi, aliyerusha maputo kutoka kituo cha Tateno katika miaka ya 1920 na kuyafuatilia yakipelekwa kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia. Aliandika matokeo yake mwaka 1926 kwa Kiesperanto, lugha iliyobuniwa kwa mawasiliano ya kimataifa, akitumaini yatasomwa na mataifa yote, na yakasomwa na wachache sana. Mwaka 1944 marubani wa Marekani waliorusha ndege za B-29 juu ya Japani walikutana na upepo uleule bila kuutarajia. Nasimulia habari hii kwa sababu inanigusa: kipimo kilikuwepo tayari, kimeandikwa, na hakikuwafikia waliokihitaji.

Kwenye njia yako mkondo huu umewahi kuonyesha nguvu zake waziwazi. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 2020, dhoruba iliyopewa jina Ciara ilipokuwa ikivuka Atlantiki, ndege ya abiria aina ya Boeing 747 iliondoka New York na kutua London baada ya saa 4 na dakika 56. Mwendo wake juu ya ardhi ulifika kilomita 1,327 kwa saa. Wengi waliuliza kama ilivunja kizuizi cha sauti. Haikuvunja, maana ndani ya hewa ilikuwa ikienda kama siku zote. Hewa ndiyo iliyokuwa ikikimbia nayo. Concorde, iliyopita katika hewa kwa mara mbili ya kasi ya sauti, ilifanya safari hiyohiyo tarehe 7 Februari 1996 kwa saa 2, dakika 52 na sekunde 59, na hata hiyo ilikuwa na upepo wa nyuma. Tangu ilipostaafu mwaka 2003 hakuna ndege ya abiria iliyoikaribia.

Hapa huwa naulizwa: si ni kwa sababu dunia inazunguka? London inasogea kuelekea mashariki kwa zaidi ya kilomita 1,000 kwa saa, basi anayekwenda magharibi angesubiri tu New York imfikie. Wazo linavutia, lakini hewa inazunguka pamoja na ardhi, na ndege imo ndani ya hewa hiyo tangu ikiwa imeegeshwa. Kama wazo hilo lingekuwa kweli, basi kwenda New York ndiko kungekuwa kwepesi, na mambo ni kinyume. Mzunguko wa dunia una kazi yake, ila huifanya kwa njia isiyo ya moja kwa moja: hewa inayotoka upande wa ikweta kuelekea nchani hupindishwa na mzunguko huo, ikageuka kuwa upepo wa kuelekea mashariki. Dunia haikuletei mji karibu. Inatengeneza upepo, na upepo ndio unaokupeleka au kukupinga.

Kazi yangu ni kupanga njia za ndege kabla hazijaruka, na ningependa abiria wajue kwamba njia ya leo si ya jana. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini kuna njia zinazopangwa upya mara mbili kwa siku na vituo viwili vya uongozaji, Gander cha Kanada na Shanwick cha upande wa Ulaya. Mchana njia hizo huelekea magharibi na kuukwepa mkondo wa upepo. Usiku huelekea mashariki na kuutafuta. Zimepangwa hivyo kwa sababu safari nyingi kutoka London huondoka mchana na nyingi kutoka New York huondoka jioni, kama tiketi yako inavyoonyesha. Mpangaji anayekwepa upepo wa mbisho anaweza kuongeza kilomita 200 au 300 kwenye njia na bado ndege ikafika mapema na kuchoma mafuta machache. Njia iliyo fupi ardhini haiwi fupi angani kila siku.

Kuna siku hata uelekeo wenyewe hubadilika. Kutoka Singapore hadi New York ni kama kilomita 15,300, na ndege husafiri bila kusimama kwa saa 18 na zaidi. Miji hiyo karibu iko pande mbili zinazokabiliana za dunia, kwa hiyo ndege inaweza kwenda New York kwa kuvuka Pasifiki na kurudi Singapore kwa kuvuka Atlantiki, upepo ukiwa nyuma pande zote mbili. Kwenye tiketi utaona muda wa kwenda na kurudi unakaribiana sana, jambo ambalo halitokei London na New York.

Kingine kinachobadilisha muda bila kugusa umbali ni ruhusa ya kupita. Helsinki na Tokyo zinaachana kwa kama kilomita 7,800, na njia fupi inapita juu ya Siberia. Hadi mwanzoni mwa 2022 safari hiyo ilikuwa ya saa 9 na nusu hivi. Anga ya Urusi ilipofungwa kwa mashirika ya Ulaya Februari mwaka huo, safari ikawa ya takriban saa 13, ama kwa kupita juu ya Ncha ya Kaskazini, ama kwa kuzungukia kusini. Kikokotoo cha umbali bado kitakupa 7,800 zilezile, na muda atakaoupata mtu kwa kuzigawa hauna ndege inayoutimiza.

Kuhusu muda wa ardhini nitasema machache. Ratiba huanza kuhesabu ndege inaposukumwa nyuma kutoka langoni. Kutoka hapo hadi kuruka, kwenye viwanja vikubwa kama hivi viwili, huweza kupita dakika 20 au 30. Kabla ya kutua Heathrow ndege mara nyingi huzungushwa katika mojawapo ya maeneo manne ya kusubiri. Mashirika yanajua haya, hivyo hupanga ratiba yenye nafasi ya ziada ili siku za kawaida ndege iwahi. Nchini Marekani ndege huhesabiwa kuwa imechelewa pale tu inapofika dakika 15 au zaidi baada ya ratiba. Rubani akitangaza kwamba mtafika dakika 25 kabla, mara nyingi maana yake ni kwamba nafasi ile ya ziada haikutumika. Na kama utawahi kudai fidia ya kuchelewa chini ya sheria za Umoja wa Ulaya, Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua mwaka 2014 kwamba saa ya kufika ni pale mlango mmoja wa ndege unapofunguliwa, si magurudumu yanapogusa ardhi.

Basi kwa miji mingine utumie nini? Chukua umbali wa uwanja hadi uwanja kwa kilomita, gawa kwa 800, ongeza nusu saa. Hiyo 800 tayari imebeba kupanda, kuteremka na kona za njia. Nusu saa inabeba ardhi. Kwa safari yako: 5,540 gawa kwa 800 ni saa 6.9, ongeza nusu, saa 7.4, karibu katikati kabisa ya 7 na 8 za tiketi. Yale makisio ya saa 7 na dakika 25 uliyoyapata yanaangukia palepale, na sasa unaona ni wastani wa pande mbili. Jaribu Sydney na Perth, kilomita 3,280: unapata saa 4 na dakika 36, na ratiba huwa karibu saa 5 kuelekea magharibi na saa 4 na dakika chache kuelekea mashariki. Kwa safari fupi kama Rio de Janeiro na São Paulo, kutoka Santos Dumont hadi Congonhas, kilomita 366, unapata kama dakika 57, na ratiba huwa saa moja na dakika chache. Kwa safari zinazozidi kilomita 10,000 gawa kwa 850, kwa sababu sehemu kubwa ya safari ni mwendo kamili. Singapore na New York inakupa saa 18 na nusu.

Ukishapata wastani, rekebisha kwa uelekeo. Katika latitudo za kati, safari ya mashariki na magharibi ipunguze au iongeze dakika 4 hadi 6 kwa kila saa: punguza ukielekea mashariki, ongeza ukielekea magharibi. Majira ya baridi tumia ile 6. Safari za kaskazini na kusini, na zile za karibu na ikweta, usiziguse, tofauti zake ni ndogo na hazina mpangilio wa kutegemewa.

Kanuni hii inashindwa mahali pawili. Kwanza, safari fupi mno na ndege za rafadha, ambazo mwendo wake ni mwingine kabisa. Kati ya visiwa vya Westray na Papa Westray huko Orkney, Uskoti, kuna safari ya ratiba yenye urefu wa kilomita 2.7 inayopangiwa dakika 2. Pili, miji ambayo haina ndege ya kwenda bila kusimama. Kikokotoo kitakupa muda wa London na Sydney, kilomita 17,000, saa 20 na kitu, wakati hakuna ratiba inayounganisha miji hiyo bila kutua mahali. London na Perth ipo, tangu Machi 2018, kilomita 14,500 kwa muda wa kama saa 17, lakini Sydney inahitaji kituo. Na ujihadhari na kudhani kwamba namba moja ya safari ni mruko mmoja: London hadi Sydney kupitia Singapore huuzwa kwa namba moja, na muda wa kusubiri Singapore umo ndani. Kwa safari za namna hiyo jumlisha kila mruko peke yake, kila mmoja na nusu saa yake, kisha ongeza muda wa kusubiri.

Hakikisha pia mji ni ule unaoukusudia. Sydney ya Australia ina alama SYD kwenye tiketi. Iko Sydney nyingine, Nova Scotia, Kanada, yenye alama YQY, na wapo wasafiri waliowahi kufikishwa huko wakitarajia kuona Australia. San José ya Costa Rica ni SJO, San Jose ya California ni SJC. Umbali ukikutokea mdogo au mkubwa isivyo kawaida, angalia herufi hizo tatu kabla ya kukosoa hesabu.

Kwa tiketi uliyonayo, 14:00 na 07:00 ni saa za kuegesha ndege. Foleni ya uhamiaji, mizigo na njia ya kuingia mjini havimo. Ukiwa na miadi au ndege nyingine ya kuunganisha, chukua namba ya safari yako na utazame ilifika saa ngapi hasa katika kila siku ya wiki mbili zilizopita. Kumbukumbu hizo hupatikana bure kwenye huduma za kufuatilia ndege. Panga kwa kutumia siku iliyochelewa kuliko zote katika orodha hiyo, hasa ukisafiri kuelekea magharibi kati ya Desemba na Februari.